Giovanni Battista Morgagni: Mwalimu Aliyewauliza Maiti Makao ya Maradhi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayelificha jambo litakalomdhuru baadaye. Makala haya yanaichukua kwa maana yake ya moja kwa moja, kwa kuwa palikuwa na mwalimu mmoja aliyeishi karibu miaka tisini, na ambaye kwa zaidi ya miaka hamsini kazi yake ilikuwa kukiacha kifo kiyaumbue maradhi ambayo mwili uliyaficha mgonjwa alipokuwa hai. Mwalimu huyo ni Giovanni Battista Morgagni wa Padua, nchini Italia, ambaye wanataaluma wa tiba humwita baba wa patholojia ya kianatomia.

Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amwandikie wasifu mpasuaji wa maiti. Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, kitabu kilichomjengea Morgagni jina kiliandikwa kwa umbo la barua, na umbo hilo, kama tutakavyoonyesha, lina uhusiano mkubwa na ukweli uliomo ndani yake. Pili, maisha yake ni mfano wa mwalimu aliyekubali kusahihishwa hadharani na ushahidi asioweza kubishana nao. Jambo hilo ni adimu katika taaluma yoyote, yetu ikiwemo.

Forlì na Bologna

Morgagni alizaliwa tarehe 25 Februari 1682 katika mji wa Forlì, eneo la Romagna, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya utawala wa Papa. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na mama yake, Maria Tornielli. Alikuwa mtoto mwepesi wa kushika mambo. Alipenda ushairi, historia na lugha za kale, na mapenzi hayo hayakumtoka hadi uzeeni. Mwaka 1698, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alikwenda Bologna kusomea falsafa na tiba, na kufikia 1701 alikuwa amekwisha kupata shahada yake.

Bologna ndiko alikokutana na mtu aliyeyabadilisha maisha yake, Antonio Maria Valsalva. Valsalva alikuwa mwanafunzi wa Marcello Malpighi, mwanazuoni aliyetumia hadubini kuchunguza viungo vya wanyama na binadamu. Hivyo, Morgagni aliingia katika silsila ya walimu ambao waliamini kuwa anayetaka kuujua mwili hana budi kuutazama kwa macho yake mwenyewe badala ya kutosheka na yaliyomo vitabuni. Valsalva alipokuwa akiandaa kitabu chake kuhusu sikio la binadamu, kilichotoka mwaka 1704, Morgagni alikuwa msaidizi wake. Mwaka huohuo kijana huyu, ambaye alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mitatu, aliongoza chama cha wasomi vijana wa Bologna kilichoitwa Accademia degli Inquieti, yaani chuo cha wasiotulia. Jina hilo liliwafaa.

Mwaka 1706 alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake, Adversaria anatomica. Sehemu nyingine tano zilifuata kati ya 1717 na 1719. Humo alieleza sehemu ndogondogo za mwili ambazo waliomtangulia walizipita bila kuziona au walizieleza visivyo, na hakusita kuwasahihisha wakubwa. Hadi leo zipo sehemu za mwili ambazo wanafunzi wa udaktari huzijua kwa jina lake. Hata hivyo, kazi hiyo yote ilihusu mwili wenye afya. Swali la ugonjwa lilikuwa bado linamngoja.

Padua

Baada ya Bologna, Morgagni alikaa Venice kwa muda, kisha akarejea Forlì kuwatibu wagonjwa. Huko alioa binti wa ukoo wenye heshima mjini humo, na ndoa hiyo ikajaaliwa watoto kumi na watano. Miaka ya utabibu wa Forlì haipaswi kupitwa kwa haraka, kwa maana ndiyo iliyomfundisha kumtazama mgonjwa akiwa hai: namna anavyopumua, anavyolala na anavyolalamika. Mwanaanatomia asiyewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa angemwona maiti na asijue la kumuuliza.

Mwaka 1712 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Padua, kilichokuwa chini ya Jamhuri ya Venice. Kwanza alipewa kiti cha pili cha tiba ya nadharia. Kisha mwaka 1715 akakabidhiwa kiti cha anatomia, na hakukiachia hadi alipofariki. Kiti hicho kilikuwa na historia nzito. Andreas Vesalius alikuwa mwalimu hapo alipotoa kitabu chake kikuu cha anatomia mwaka 1543. Baada yake walikuja Gabriele Falloppio na Girolamo Fabrici d'Acquapendente. Ni katika siku za Fabrici, mwaka 1595, ambapo ulizinduliwa ukumbi wa anatomia wa Padua, wenye safu sita za mbao zinazopanda kuizunguka meza ya maiti kama faneli. William Harvey, Mwingereza aliyeeleza mzunguko wa damu, alihitimu Padua mwaka 1602.

Katika ukumbi huo wanafunzi walisimama wakiwa wamebanana na kuinamia chini ilipo meza. Mafunzo ya upasuaji yalifanywa wakati wa baridi, kwa kuwa joto lingewaozesha maiti upesi. Kwa kawaida, lengo lilikuwa kuonyesha umbile la binadamu lilivyo: moyo una vyumba vingapi, mishipa inapita wapi, misuli imeshikana na mifupa ipi. Maradhi yalifundishwa mahali pengine, katika darasa jingine, kutoka vitabu vingine. Mwanafunzi alijifunza mwili mahali pamoja na ugonjwa mahali pengine, kana kwamba ugonjwa hauna mwili unamokaa.

Utengano huu ulikuwa na msingi wake. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya, sawa na wale wa nchi za Kiislamu waliomfuata Ibn Sina, walifundishwa kuwa maradhi hutokana na kuvurugika kwa uwiano wa majimaji manne ya mwilini: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Wasomaji wanaoijua tiba ya kijadi ya pwani yetu, inayozungumzia joto na baridi, ukavu na unyevu wa tabia ya mtu, watautambua ukoo wa fikra hizo. Ikiwa ugonjwa umo katika mchanganyiko wa majimaji yanayouenea mwili mzima, basi hakuna haja ya kuuliza umekaa wapi. Swali la makao lilionekana kuwa swali lisilo na jibu.

Barua sabini

Morgagni hakuwa wa kwanza kupasua maiti ili kujua kilichomuua. Mwaka 1679 daktari Théophile Bonet wa Geneva alikuwa ametoa kitabu kikubwa, Sepulchretum, alimokusanya ripoti nyingi za upasuaji wa aina hiyo zilizoandikwa na watu mbalimbali. Ila kitabu hicho kilikuwa kama ghala lisilopangwa. Habari za kuaminika zilichanganyika na za kusikia, makosa yalirudiwa, na msomaji aliyetafuta jambo mahususi alipotea ndani yake.

Katika dibaji ya kitabu chake, Morgagni anaeleza kuwa siku moja, akiwa mapumzikoni shambani, alizungumza na rafiki yake kijana aliyependa elimu, wakakigusia kitabu cha Bonet na upungufu wake. Kijana huyo akamwomba amwandikie yale ambayo yeye na mwalimu wake Valsalva walikuwa wameyaona kwa macho yao. Morgagni akaanza kuandika barua. Baada ya barua moja ikaja nyingine, hadi zikatimia sabini. Rafiki huyo hakutajwa jina. Hatimaye barua hizo zilikusanywa, zikasahihishwa na kuchapishwa Venice mwaka 1761 katika majuzuu mawili, kwa Kilatini, chini ya anwani De sedibus et causis morborum per anatomen indagatis, yaani makao na sababu za maradhi zilizochunguzwa kwa njia ya anatomia. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Kitabu kina sehemu tano: maradhi ya kichwa, ya kifua, ya tumbo, yale yanayohitaji mpasuaji pamoja na yale ya mwili mzima, na mwisho nyongeza. Kila sehemu aliitabaruku kwa mwanachuoni wa mojawapo ya vyuo vitano vya sayansi vya Ulaya alivyokuwa mwanachama wake. Mna taarifa za maiti wanaokaribia mia saba. Muundo wa kila taarifa haubadiliki sana. Kwanza tunaelezwa mgonjwa alikuwa nani: umri wake, jinsia yake, na mara nyingi kazi aliyoifanya. Kisha twapewa historia ya ugonjwa, dalili zake siku baada ya siku na dawa alizopewa. Halafu kifo. Baada ya kifo huja kisu, na kiungo kimoja kimoja hufunguliwa na kuelezwa. Mwisho kabisa mwandishi huyakutanisha yale ya kitandani na yale ya mezani, na kuuliza iwapo yanaafikiana.

Hapa ndipo umbo la barua linapodhihirisha manufaa yake. Mwandishi wa risala ya kitaaluma hulazimika kusema kwa uhakika. Mwandishi wa barua kwa rafiki anaweza kusitasita, kurudi nyuma, kukiri kwamba alidhani hivi kumbe ni vile, na kumwachia msomaji nafasi ya kupima. Morgagni aliitumia ruhusa hiyo kikamilifu. Aliandika hata juu ya woga wake: alikiri kwamba yeye na Valsalva waliepuka kuwapasua watu waliokufa kwa kifua kikuu, kwa kuhofia kuambukizwa. Ni wachache walioona ulazima wa kukiri jambo kama hilo katika kitabu walichotaka kiwe kumbukumbu yao.

Makao ya maradhi

Tutoe mifano michache ili msomaji aone kilichobadilika.

Mfano wa kwanza ni kiharusi. Valsalva alikuwa amegundua kwamba mtu anayepooza upande wa kulia, dosari imo katika upande wa kushoto wa ubongo, na kinyume chake. Morgagni aliongeza ushahidi wa maiti baada ya maiti hadi jambo hilo likawa gumu kulikana. Daktari sasa aliweza kusimama mbele ya mgonjwa aliye hai na kuutaja upande wa ubongo ulioumia bila kukifungua kichwa. Majaaliwa yalitaka Valsalva mwenyewe afe kwa kiharusi mwaka 1723.

Mfano wa pili unahusu sikio. Waganga walikuwa wakiwaona watu wanaotokwa na usaha masikioni, na walipokufa ubongo wao ulikutwa una jipu. Walihitimisha kwamba usaha huanzia ubongoni na kutafuta njia ya kutokea sikioni. Morgagni, aliyelijua sikio tangu ujana wake mezani kwa Valsalva, aligeuza mpangilio huo: ugonjwa huanza sikioni, hula mfupa, ndipo hupenya hadi ubongoni. Tofauti hii si ya maneno matupu. Anayeamini kuwa sikio ni mlango wa kutokea tu atauacha usaha utiririke na kuuona kuwa nafuu. Anayejua kuwa sikio ndiko chanzo atalishughulikia kabla ubongo haujafikiwa.

Mfano wa tatu ni wa padre mmoja mzee, ambaye mapigo ya moyo wake yalipungua kupita kiasi na ambaye alishikwa na mishtuko iliyofanana na kifafa. Morgagni aliyaweka mambo haya mawili pamoja, mapigo ya polepole na kuanguka. Hali hiyo baadaye ilipewa majina ya Adams na Stokes, madaktari wa Dublin wa karne ya kumi na tisa, ingawa wapo wanaotanguliza jina la Morgagni. Fauka ya hayo, alieleza mapafu yaliyogeuka kuwa magumu mithili ya ini kwa wagonjwa wa nimonia, maini yaliyosinyaa na kukakamaa, na mshipa mkuu wa damu uliovimba na hatimaye kupasuka.

Jambo linaloviunganisha visa hivi ni hili: mwanaanatomia na tabibu wamekuwa mtu mmoja. Kwa kuwa Morgagni alikuwa amepasua miili mingi yenye afya, alijua kiungo kinaweza kutofautiana kiasi gani baina ya mtu na mtu bila kuwa na ugonjwa. Asiyejua umbile la kawaida ataita kila tofauti ugonjwa. Tena, kwa kuwa alikuwa amewatibu walio hai, alijua ni dosari ipi iliyoleta dalili ipi, na ni ipi iliyotokea tu baada ya mtu kufa. Kuufundisha mwili pasipo maradhi, au maradhi pasipo mwili, kungempa mwanafunzi nusu ya ushahidi na kumtaka atoe hukumu kamili.

Kitabu kiliwekewa faharasa nne, na mbili kati yake zinastahili kutajwa. Moja ilipangwa kwa dalili zinazoonekana kwa aliye hai. Nyingine kwa dosari zinazokutwa ndani ya maiti. Daktari aliye na mgonjwa mwenye maumivu ya kifua aliweza kuanzia kwenye dalili na kufika kwenye viungo. Mpasuaji aliyekuta moyo uliotanuka aliweza kuanzia kwenye kiungo na kurudi kwenye dalili. Faharasa hizo mbili ni daraja lenye milango pande zote mbili, na huenda ndizo muhtasari bora wa fikra za mwandishi.

Mwalimu na mwanafunzi

Morgagni alimheshimu Valsalva hadi mwisho. Baada ya kifo cha mwalimu wake alizikusanya kazi zake, akazihariri, akaandika habari za maisha yake na kuzichapisha mwaka 1740, miaka ishirini na moja kabla ya kitabu chake kikuu. Hata ndani ya kitabu hicho, uchunguzi mwingi ni wa Valsalva, naye husema wazi ni upi. Katika zama ambamo wasomi waligombania ugunduzi kama mafahali, uaminifu huo ni wa kupigiwa mfano. Naye alipozeeka alipata mwanafunzi wa namna hiyo: Antonio Scarpa, aliyemsaidia kuandika barua zake macho yalipofifia, na ambaye baadaye alikuja kuwa mwanaanatomia mashuhuri.

Nje ya ukumbi wa maiti, alibaki mpenzi wa fasihi. Aliandika juu ya mwandishi wa kale Celsus, juu ya mambo ya kale ya Romagna, na alishiriki mjadala kuhusu kama kweli Malkia Cleopatra aliuawa na sumu ya nyoka. Kilatini chake kilisifiwa na waliokijua.

Hata hivyo, wasifu usiotaja kivuli si wasifu bali ni utenzi wa sifa. Maiti waliomfunza Morgagni wengi wao walikuwa maskini waliofia hospitalini. Hatuna dalili kwamba waliulizwa kama wangependa miili yao ifunguliwe. Alitaja umri wao na kazi zao, na kwa hilo amewahifadhi kuliko walivyohifadhiwa na historia nyingine yoyote. Lakini wengi wao hawana majina. Vilevile, kitabu chake hakina michoro ya viungo, na urefu wake huwachosha wasomaji. Isitoshe, Morgagni aliishia kwenye kiungo. Alipouona moyo ulioharibika, hakuuliza ni utando gani wa moyo huo ulioanza kuharibika.

Urithi wake

Maswali hayo waliyauliza waliomfuata. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Benjamin Alexander mwaka 1769, miaka minane tu baada ya kutoka, na London hiyohiyo ndiko Matthew Baillie alikotoa mwaka 1793 kitabu kifupi kilichopanga maradhi kwa kufuata viungo. Nchini Ufaransa, Xavier Bichat alishuka kutoka kwenye kiungo hadi kwenye tishu. René Laennec alibuni stethoskopu mwaka 1816, akaweza kusikia kifuani mwa aliye hai yale ambayo Morgagni aliyaona kwa maiti pekee. Mwaka 1858 Rudolf Virchow wa Ujerumani akayafikisha makao ya ugonjwa kwenye seli. Virchow huyohuyo, mwaka 1894, alisimama Roma mbele ya kongamano la madaktari wa mataifa mbalimbali na kumtaja Morgagni kuwa ndiye aliyeiingiza fikra ya kianatomia katika tiba.

Inashangaza kwamba elimu ya tiba ilikuja kuyatenganisha tena aliyoyaunganisha. Katika vyuo vingi vya karne ya ishirini, mwanafunzi alisoma anatomia mwanzoni na kukutana na patholojia baadaye, akiwa amesahau nusu ya aliyofundishwa. Kwa sababu hiyo, vyuo kadhaa vilianza kuufundisha mwili kwa mifumo: moyo wenye afya na moyo mgonjwa katika muhula mmoja. Chuo cha Western Reserve cha Cleveland, Marekani, kilianzisha mtaala wa aina hiyo mwaka 1952. Waliobuni mtaala huo huenda hawakuwa wakimfikiria mzee wa Padua, ila njia waliyoipita ilikuwa imekwisha kukanyagwa.

Hitimisho

Morgagni alifariki Padua mwezi Desemba 1771, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa, bado akiwa profesa wa anatomia. Alikuwa ameishikilia kazi hiyo kwa miaka hamsini na sita.

Sisi wanafunzi wa lugha tunaweza kujifunza nini kwake? Kwanza ni kwamba swali moja lililoulizwa kwa neno sahihi linaweza kugeuza taaluma nzima. Kabla yake waganga waliuliza ugonjwa ni nini. Yeye aliuliza umekaa wapi. Pili ni kwamba maarifa makubwa yanaweza kubebwa na tanzu za kawaida, hata barua kwa rafiki. Barua zake sabini bado zinawangoja wafasiri wa Kiswahili, na wakati wanafunzi wa udaktari nchini mwetu wanasoma habari za miili yetu kwa lugha nyingine, kungoja huko si jambo la fahari.

La tatu ndilo zito zaidi. Kila tabibu huandika maoni yake mgonjwa akiwa hai, na ni rahisi kuyazika maoni yaliyokosea pamoja na aliyefariki. Morgagni alikataa kuyazika. Aliyaleta mezani, mbele ya wanafunzi waliosimama katika safu sita, akamwachia maiti atoe hukumu. Nasi tunaofundisha na kusoma, iwe ni ushairi ama ni ugonjwa, tuna maiti wetu: kauli tulizozitoa jana ambazo ushahidi wa leo umeziua. Mwenye ujasiri wa kuzipasua hadharani ndiye anayestahili kuitwa mwalimu.